Kuisoma Beijing kabla ya makabidhiano: njia ya Cradock, ya Patten au ya Wareno?

Kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa Hong Kong usiku wa Juni 30, 1997, na ya Ureno kushushwa Macau Desemba 19, 1999, wanadiplomasia walihangaika kwa takriban miaka ishirini na swali moja: viongozi wa Beijing wameshikilia nini, na katika hayo ni lipi litalegea likisukumwa? Majibu yalikuwa mengi, ila ukiyachambua yanaangukia katika njia tatu. Ya kwanza ni ya Sir Percy Cradock, balozi wa Uingereza mjini Beijing kuanzia 1978 hadi 1983, na baadaye mshauri wa waziri mkuu wa Uingereza kuhusu mambo ya nje. Ya pili ni ya Chris Patten, gavana wa mwisho wa Hong Kong, aliyewasili Julai 1992. Ya tatu ni ya Wareno wa Macau, ambayo wengi huipita haraka ilhali ina mengi ya kufundisha.

Anayeandika tasnifu, makala au taarifa ya ofisini kuhusu jambo hili hukwama kuchagua ni njia ipi aisimamie. Ulinganisho huu ni wake.

Vigezo

Kila njia tunaiuliza maswali manne yaleyale. Iliwaona viongozi wa Beijing kuwa watu wa namna gani? Ilimsikiliza nani ili kufikia tathmini hiyo? Iliondoka na kitu gani kilichoandikwa? Na ilikwama wapi? Hilo la mwisho ndilo lenye faida kubwa kwa anayechagua, kwa sababu ukijua tathmini fulani ilikosea kwa nini, unajua mahali pa kutoitumia.

Kigezo kimoja tumekiacha kwa makusudi: nani aliyethibitika kuwa sahihi mwishoni. Maandamano ya 2003, 2014 na 2019, pamoja na sheria ya usalama wa taifa ya Juni 30, 2020, yamewafanya watu wengi warudi nyuma na kuwagawia alama waliokuwapo. Ofisa wa 1983 hakuwa na habari za 2020. Si haki kumpima kwa asichoweza kukijua.

Misingi isiyosogea

Wote watatu walikuta hali ileile. Kisiwa cha Hong Kong kilitwaliwa na Uingereza kwa kudumu mwaka 1842, na ncha ya Kowloon mwaka 1860. Maeneo Mapya, ambayo ni zaidi ya asilimia 90 ya ardhi yote, yalikodishwa kwa miaka 99 kuanzia Julai 1, 1898. Tangu 1965 koloni lilikuwa likinunua maji kutoka Mto Dongjiang, ndani ya China. Kubaki na kisiwa peke yake ilikuwa hoja ya kisheria isiyokuwa na maisha.

Kizuizi kingine kiliwekwa Umoja wa Mataifa. Machi 1972, miezi michache tu baada ya Beijing kupata kiti cha China, balozi wake Huang Hua aliiandikia Kamati Maalumu ya kuondoa ukoloni, iliyokuwa chini ya uenyekiti wa Salim Ahmed Salim wa Tanzania, akitaka Hong Kong na Macau ziondolewe katika orodha ya makoloni. Baraza Kuu lilikubali mwaka huohuo. Njia waliyopitia Tanganyika na Kenya, ya kujitawala kwanza na kisha uhuru, ilifungwa miaka kumi kabla ya mazungumzo. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea kuyaona makabidhiano kuwa mlango wa uhuru aiweke kando picha hiyo tangu mwanzo. Hapa koloni lilikuwa likitoka kwa dola moja kwenda dola nyingine, na wenyeji hawakupewa kiti chao wenyewe mezani.

Kisha Septemba 24, 1982, Deng Xiaoping, kiongozi mkuu wa China, alimwambia Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, ana kwa ana kwamba mamlaka ya dola juu ya Hong Kong si jambo la kujadiliwa, na kwamba China ingetangaza uamuzi wake ndani ya mwaka mmoja au miwili, kukiwa na makubaliano au bila makubaliano. Njia zote tatu ni majibu tofauti kwa kauli ya namna hiyo.

Waliwaona viongozi wa Beijing kuwa watu wa namna gani

Cradock aliwaona kuwa watu wagumu, wenye kumbukumbu ndefu ya fedheha ya karne ya 19, ambao wakiahidi kwa maandishi huwa na sababu zao wenyewe za kutimiza. Alikuwa mjini Beijing Agosti 1967 ofisi ya ubalozi wa Uingereza ilipochomwa moto, kwa hiyo hakuwa na njozi kuhusu ukali wao. Alilojenga ni tofauti kati ya kanuni na namna ya kuitekeleza. Kanuni haisogei: mamlaka ya dola, bendera, haki ya kuweka jeshi. Namna ya utekelezaji husogea sana, mradi usiiguse kanuni. Kazi ya mwanadiplomasia, kwa mtazamo huu, ni kuacha kuupiga ukuta mapema na kutumia muda uliobaki kujaza utekelezaji kwa maelezo mengi iwezekanavyo.

Patten hakuwa mjuzi wa China wala hakudai kuwa. Alikuwa mwanasiasa, mwenyekiti wa chama cha Conservative aliyetoka kupoteza kiti chake cha Bath Aprili 1992. Kwake, ukali wa Beijing ulikuwa kwa sehemu kubwa mbinu ya kumfanya mwenzake ajikate mwenyewe kabla ya kuombwa. Aliona kwamba viongozi wale wana maslahi makubwa katika uchumi wa Hong Kong, hivyo vitisho vyao vina kikomo, na kwamba mahali ambapo maandishi yako kimya, Uingereza ina haki ya kujaza pengo hilo hadharani.

Wareno walianza na kukiri. Baada ya ghasia za Desemba 1966, gavana wa Macau alilazimika kutia saini ya kuomba radhi Januari 1967, na tangu hapo kila mtu alijua neno la mwisho liko kwa nani. Mapinduzi ya 1974 yalipoifanya Lisbon iachane na makoloni yake, Macau ilibaki kwa sababu Beijing haikuwa tayari kuipokea. Uhusiano wa kibalozi ulipofunguliwa Februari 1979, pande mbili zilikubaliana kwa siri kwamba Macau ni ardhi ya China inayoendeshwa na Ureno. Tathmini yao ilikuwa fupi: viongozi hawa wanataka heshima na utulivu, na atakayewapa mapema atalipwa kwa mambo madogo ambayo si madogo kwa wenyeji.

Walimsikiliza nani

Hapa ndipo penye ufundi, na ndipo anayejifunza tathmini apatazame kwa muda mrefu.

Wafuasi wa njia ya Cradock walipanga kauli za Beijing kwa ngazi. Juu kabisa alikuwa Deng mwenyewe, hasa akirudia maneno yaleyale kwa wageni tofauti. Chini yake waziri mkuu na Wizara ya Mambo ya Nje, kisha Ofisi ya Mambo ya Hong Kong na Macau, kisha tawi la Xinhua lililoko Hong Kong, ambalo pamoja na jina la shirika la habari lilifanya kazi kama ofisi ya kisiasa ya Beijing. Mwisho kabisa yalikuja magazeti na wakuu wastaafu. Kosa la kawaida ni kuchukua neno laini la ngazi ya chini na kulifanya msimamo. Mfano wake uko wazi: viongozi wawili wa juu, Geng Biao na Huang Hua, walikuwa wamenukuliwa wakisema huenda jeshi lisiwekwe Hong Kong. Mei 25, 1984, mbele ya waandishi wa habari, Deng alisema wawili hao wamesema upuuzi na kwamba jeshi litawekwa. Mmoja alikuwa waziri wa ulinzi wa zamani na mwingine waziri wa mambo ya nje wa zamani. Vyeo vyao havikutosha.

Kosa la pili ni la kunukuu nusu. Machi 1979 Gavana Murray MacLehose alikwenda Beijing na kuuliza habari ya hati za ardhi zinazovuka 1997. Deng alimwambia wawekezaji watulize mioyo, lakini pia aliweka wazi kwamba Hong Kong ni ya China. Iliyorudi hadharani ni ile sehemu tamu. Kwa hiyo hadi 1982 watu wengi wa biashara Hong Kong waliamini kuwa huenda utawala wa Waingereza ukaendelea, na mazungumzo yalipokwama mwaka uliofuata mshtuko ulikuwa mkubwa zaidi: mwishoni mwa Septemba 1983 dola ya Hong Kong ilianguka hadi 9.6 kwa dola moja ya Marekani, ikabidi ifungwe kwenye 7.80 Oktoba 17.

Kwa vitendo, ukitumia njia hii, kila kauli iandikie mambo matano kabla hujaitafsiri: msemaji na ngazi yake, aliyekuwa akisikiliza, tarehe, kama kauli imerudiwa bila kubadilika, na kama imefungwa kwa muda maalumu. Muda ndio unaosahaulika. Deng alisema mwaka mmoja au miwili. Tamko la Pamoja, yaani mkataba wa Uingereza na China kuhusu Hong Kong, lilitiwa saini za awali Septemba 26, 1984, miaka miwili na siku mbili baadaye.

Patten alisikiliza kwingine: kura za maoni, mijadala ya Baraza la Kutunga Sheria, redio, mitaani. Kwa hiyo alijua vizuri watu zaidi ya milioni 5 wa Hong Kong wanataka nini, na hilo Cradock hakulipa uzito uleule. Vitisho vya Beijing yeye alivipima kwa matokeo. Novemba 1992, baada ya yeye kutangaza mpango wa kupanua uchaguzi bila idhini ya Beijing, China ilitangaza kwamba mikataba inayovuka 1997 bila idhini yake haitatambuliwa, na soko la hisa likashuka. Hata hivyo, Juni 1995, katikati ya ugomvi, pande mbili zilikubaliana kuhusu Mahakama ya Rufani ya Mwisho na kuhusu fedha za uwanja mpya wa ndege. Mwenye kusoma kwa njia ya Patten anaona hapo kwamba mafaili yanaweza kutenganishwa: Beijing inaweza kukutukana katika faili moja na kutia saini katika lingine.

Wareno walitumia watu. Kwa miongo kadhaa daraja kati ya ofisi ya gavana na Beijing lilikuwa mfanyabiashara Ho Yin, aliyefariki 1983. Mwanawe, Edmund Ho, ndiye aliyekuwa mtendaji mkuu wa kwanza wa Macau baada ya makabidhiano. Chanzo cha aina hii hukupa habari mapema na kwa upole kuliko faksi ya wizara. Udhaifu wake ni kwamba mjumbe huyo ana maslahi pande zote mbili, na hakuna kumbukumbu ya maandishi ya kurejea.

Waliondoka na nini

Njia ya Cradock ndiyo iliyozaa karatasi nzito kuliko zote. Baada ya duru 22 za mazungumzo kuanzia Julai 12, 1983, Tamko la Pamoja lilitiwa saini Desemba 19, 1984. Kiambatisho chake cha kwanza kina sehemu 14: sarafu, forodha, mahakama, hati za kusafiria, elimu, na kadhalika, kwa miaka 50. Kundi la Pamoja la Mawasiliano liliundwa lifanye kazi hadi Januari 1, 2000, yaani miaka miwili na nusu baada ya bendera kushushwa. Bila ubishi wa miezi mingi juu ya kila aya, mengi ya hayo yangebaki maneno ya jumla.

Patten aliacha uchaguzi wa Septemba 1995. Umri wa kupiga kura ulishushwa kutoka miaka 21 hadi 18, majimbo mapya tisa ya kitaaluma (yanayochagua kwa sekta ya kazi, si kwa eneo) yakafunguliwa kwa karibu wafanyakazi wote, na viti vyote 60 vikajazwa kwa njia moja au nyingine ya kura. Chama cha Democratic kilipata viti 19.

Wareno walimaliza kwa duru nne tu, kati ya Juni 1986 na Machi 1987. Tamko lao lilitiwa saini Aprili 13, 1987. Walipata miaka 50 ileile, na makumi ya maelfu ya wakazi wa Macau wakabaki na uraia kamili wa Ureno unaorithishwa, jambo ambalo Uingereza haikuwapa watu wake wengi. Sheria ya Uraia ya 1990 ilihusu kaya 50,000 pekee. Pia baraza la kutunga sheria lililochaguliwa Macau 1996 liliendelea hadi 2001, likivuka makabidhiano bila kuvunjwa.

Palipovunjika

Tamko la 1984 lilisema chombo cha kutunga sheria kitaundwa kwa uchaguzi. Halikusema uchaguzi wa aina gani, nani atapiga kura, wala lini. Kimya hicho kilikuwa bei ya kupata saini, na Cradock alijua. Mwaka 1990 mawaziri wa mambo ya nje Douglas Hurd na Qian Qichen waliandikiana barua saba kuhusu viti vya kuchaguliwa moja kwa moja: 20 mwaka 1997, 24 mwaka 1999, 30 mwaka 2003. Watu wa Hong Kong hawakuziona hadi zilipochapishwa wakati wa ugomvi wa 1992. Hapo udhaifu wa njia hii unaonekana wote: inaweza kuwa sahihi kuhusu Beijing na bado ikapoteza imani ya wale inaowasemea.

Udhaifu mwingine ni kumtegemea mtu. Zhao Ziyang, waziri mkuu wa China wakati huo, ndiye aliyetia saini Tamko la Hong Kong, na lile la Macau pia. Mwaka 1989, baada ya waandamanaji kukandamizwa Tiananmen mjini Beijing, aliondolewa madarakani. Xu Jiatun, mkuu wa Xinhua Hong Kong tangu 1983, aliondoka kwenda Marekani 1990. Tathmini iliyoandikwa 1984 ilikuwa imesoma safu moja ya viongozi. Utekelezaji ukafanywa na nyingine. Na Juni 2017 msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya China alisema Tamko hilo ni hati ya kihistoria isiyo na nguvu ya kiutendaji tena, msimamo ambao Uingereza iliukataa.

Njia ya Patten ilivunjika kwa hesabu ya muda. Sheria ya Msingi ya 1990, yaani katiba ndogo ya Hong Kong iliyotungwa na China, na uamuzi ulioambatana nayo viliruhusu wabunge wa mwisho wa kikoloni waendelee baada ya 1997, mradi muundo wao ulingane na uliowekwa. Beijing ilipoona haulingani, haikuhitaji kupigana; ilihitaji kusubiri. Mazungumzo ya duru 17 mwaka 1993 yalishindwa. Agosti 1994 Kamati ya Kudumu ya Bunge la China iliamua kwamba baraza hilo litakoma Juni 30, 1997. Desemba 1996 kamati ya watu 400 ikachagua baraza la muda, lililokutana Shenzhen ng'ambo ya mpaka. Mageuzi yalidumu chini ya miaka miwili. Wanaomtetea Patten husema watu walionja uchaguzi wa kweli na wakaikumbuka haki hiyo, na hoja hiyo ina uzito. Lakini kama tathmini ya Beijing itakachofanya, ilikosea mahali pa msingi. Ilidhani gharama ya kuvunja baraza itawatisha viongozi kuliko ilivyowatisha.

Wareno walilipa kwa ukimya wao pia. Septemba 1998 China ilitangaza kwamba itaweka jeshi Macau, jambo ambalo Tamko la 1987 halikulitaja, na Lisbon haikuwa na aya ya kushika. Kuwapandisha wenyeji kwenye nafasi za juu za utumishi na kutafsiri sheria kwa Kichina kulianza kwa kuchelewa, kwa hiyo kazi ya miaka ikabanwa katika michache ya mwisho. Anayeridhia mapema hujikuta hana sababu ya kuharakisha.

Kila njia inamfaa nani

Cradock anamfaa anayeulizwa: watatia saini nini? Mpatanishi, mwanasheria wa mikataba, mwanafunzi anayechambua maandishi ya kidiplomasia. Anahitaji lugha, kumbukumbu ya nyuma na uvumilivu wa kusoma kauli hamsini zinazofanana ili kuona ya hamsini na moja imebadilika neno gani.

Patten anamfaa anayeulizwa: tunadaiwa nini na watu wanaokabidhiwa? Mwanasiasa, mwanahabari, mtetezi wa haki, na mtafiti wa uhalali wa serikali. Njia hii ina macho kwa jamii ambayo nyaraka za siri haziioni.

Wareno wanamfaa mwenye karata chache: nchi ndogo, eneo dogo, mshirika asiyeweza kusubiri wala kutisha. Macau ilikuwa na watu zaidi ya laki nne tu. Wanamfaa pia mtafiti anayetaka kipimo cha kulinganisha, maana hapa kuna viongozi walewale wa Beijing, Zhao yuleyule, muongo uleule, lakini mkabidhi tofauti.

Kulingana na hali yako

Kama muda uliobaki hadi makabidhiano ni miaka kumi au zaidi na hakuna mkataba bado, anza na Cradock. Orodhesha kanuni zisizosogea kwenye ukurasa mmoja na utekelezaji unaosogea kwenye ukurasa mwingine, kisha elekeza nguvu zote kwenye huo wa pili. Maneno mapana kama "uchaguzi" au "mashauriano" yaandikiwe fasili kabla ya saini; ukiambiwa yatafafanuliwa baadaye, andika katika tathmini kwamba yatafafanuliwa na atakayekuwa na mamlaka wakati huo.

Kama mkataba upo na una mapengo, na umebaki na miaka mitano au chini, usimchukue Patten mzima wala usimwache. Tenga mafaili. Yale yanayoweza kukamilika na kudumu kwa saini, kama mahakama na fedha, yamalize kimya. Yale ambayo upande wa pili unaweza kuyafuta kwa kusubiri, yapime kwa swali moja: yakifutwa siku ya kwanza, wenyeji watakuwa wamebaki na kitu?

Kama umetokea mtikisiko wa uongozi katika nchi unayoitathmini, kama wa 1989, tathmini zote za zamani zirudie upya, hata zilizoonekana kuwa imara. Angalia nani aliyetia saini bado yupo, na nani amerithi faili lake.

Kama huna nguvu ya kujadiliana, wafuate Wareno katika uraia na katika kuwapa wenyeji vyombo vinavyovuka tarehe, lakini usiwafuate katika kuchelewa. Tafsiri ya sheria na mafunzo ya watumishi ianze mwaka wa saini, na suala la jeshi liandikwe hata kama jibu lake linakuumiza.

Na kama kazi yako ni tasnifu au makala, chagua njia kwa swali lako la utafiti, kisha itafute ile ambayo hukuichagua katika tukio moja. Ukiandika kwa jicho la Cradock, soma uchaguzi wa 1995. Ukiandika kwa jicho la Patten, soma makubaliano ya Juni 1995 na uamuzi wa Agosti 1994 pamoja. Ukiandika juu ya Macau, weka ghasia za 1966 mbele ya kila ukurasa, kwa sababu bila hizo upole wa Wareno hauelezeki.